Naomba ushauri: cheo cha Sir William Mackinnon kilichokufa naye 1893

MwalimuWaTaru: Wadau, salaam. Naandaa somo la historia ya mji wetu wa Mackinnon Road, pale relini kati ya Mombasa na Voi. Jina latokana na Sir William Mackinnon, Mskoti wa Campbeltown, tajiri wa kampuni ya meli iitwayo British India. Mwaka 1889 alipewa ubaroneti, cheo cha kurithiwa, lakini alipofariki Juni 1893 kikaishia hapo. Wapwa zake walikuwemo kwenye biashara zake, mbona hawakurithi? Na wenzangu shuleni wanamwita Lodi (Lord). Ni sawa?

Bint_Kilindini: Shikamoo mwalimu. Wapwa hawakuwa na haki. Cheo hufuata hati iliyokianzisha, na kwa kawaida hati hutaja watoto wa kiume wa ndoa na uzao wao wa kiume. Mackinnon na mkewe Janet hawakujaaliwa mtoto. Meli, hisa na nyumba mtu huziandikia wosia, cheo hakiusiwi. Hapo wengi hutatizika, maana kwetu ukoo waweza kukaa kikao ukamsimika mtoto wa ndugu.

Mzee wa Reli: Lodi hapana, mwalimu, wasahihishe mapema. Baroneti, yaani mwenye ubaroneti, hana kiti katika Bunge la Malodi, baraza la juu la Bunge la Uingereza. Huitwa "Sir" kama wale wanaotunukiwa kwa maisha yao tu, ila cheo chake hurithiwa. Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza ndiye aliyeanzisha cheo hiki mwaka 1611 akitafuta fedha: kila aliyekitaka alilipa pauni 1,095, gharama ya askari 30 kwa miaka mitatu huko Ireland.

Msomaji_Mvita: Mimi ningeanza na kampuni. Miaka ya 1870 Mackinnon alizungumza na Sultani Barghash wa Zanzibar akodishwe pwani, lakini hawakuafikiana. Mwaka 1888 kampuni yake, Imperial British East Africa, ikapata hati ya kifalme, yaani kibali cha ufalme wa Uingereza cha kuendesha shughuli zake huku. Ubaroneti ukafuata mwaka uliofuata. Kisha ikaja barabara ya mikokoteni kutoka Mombasa kwenda bara, ndiyo iliyoacha jina hapo kwenu. Fedha ziliiishia kampuni, na 1895 serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi. Waeleze watoto hilo kwa kirefu: waliokuwa wakiishi kwenye ardhi hiyo hawakuulizwa. Karatasi za Mackinnon zimehifadhiwa SOAS, chuo kikuu kilichoko London. Waandikie.

MwalimuWaTaru: Marahaba binti, na ahsanteni nyote. Nitaanza na 1888, ubaroneti nitaupa aya moja. Kuna mwenye picha ya zamani ya barabara ile?