Nageuza mchezo wa jukwaani kuwa skripti ya filamu: msimulizi nimtoe?

MwalimuFasihi:
Wakuu, habari zenu. Nafundisha Kiswahili sekondari na naandika michezo ambayo wanafunzi huicheza kwenye mahafali. Sasa kuna jamaa anatengeneza filamu, anataka mmoja niugeuze skripti. Sharti lake: msimulizi atoke. Huyo ni mzee anayepiga soga na watazamaji mwanzo hadi mwisho, na ndiye anayewavunja mbavu. Nikimtoa si nimeua mchezo?

PaziaJekundu:
Mtoe, mwalimu. Kabla hujanuna, msome Robert Bolt, Mwingereza, mwalimu mwenzako. Alifundisha shule ya Millfield huku akiiandikia redio ya BBC, na chaki hakuiacha mpaka mchezo wake Flowering Cherry ulipokubalika London, mwishoni mwa miaka ya 1950.

Mchezo wake mwingine, A Man for All Seasons, ulianzia redioni mwaka 1954, ukapanda jukwaani 1960. Jukwaani kuna Mtu wa Kawaida. Anachomoa nguo kapuni mbele ya macho yako: mara mtumishi wa mhusika mkuu Thomas More (waziri wa mfalme wa Uingereza), mara mpiga makasia, mara askari jela, mwisho ndiye anayemkata kichwa. Na muda wote anaongea na wewe uliyekaa kitini. Utamu wote uko kwake. Haya, filamu ya 1966, skripti ya Bolt mwenyewe: hayumo! Kapu hakuna, kila kazi kapewa mtu wake. Ilibeba Oscar sita, mojawapo ya skripti, na mwaka uliotangulia alishaichukua hiyo ya skripti kwa filamu ya Doctor Zhivago.

KandoYaJukwaa:
Sawa mkuu, ila Bolt alikuwa na jina. Mwalimu, kabla ya msimulizi ulizia mkataba. Kwenye filamu ya Lawrence of Arabia ya 1962, Michael Wilson, aliyefungiwa Hollywood kwa siasa zake, ndiye aliyemtangulia Bolt kuandika skripti. Jina lake lilikuja kutambuliwa 1995, mwenyewe keshazikwa.

MwalimuFasihi:
Duh. Mkataba nitadai. Lakini vichekesho vya mzee nimpe nani?

PaziaJekundu:
Usimpe mtu kwanza. Kila anapoongea na watazamaji, jiulize anasema nini ambacho kamera haiwezi kukionyesha. Akisema mwenyekiti wa kijiji ni bahili, futa, tuonyeshe mwenyekiti anavyohesabu vipande vya nyama kabla wageni hawajanawa. Soga itakayobaki, kama ipo, mgawie jirani mmoja mwenye mdomo.