Nawashukuru vipi watu wa shule bila kuwaanika waliosaidiwa?

MamaWawili_Tudor
Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. KCPE, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane, imekwisha jana, hii Machi 2021, kijana wangu katoka salama alhamdulillahi, na sasa nna jambo lanikaa rohoni nataka mnishauri.

Mwaka tuliotoka nao mwaujua. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020 kwa ajili ya korona, mume wangu alikuwa jikoni kwenye hoteli moja huko Shanzu, hapa hapa Mombasa, mwezi haukuisha wakaambiwa waende nyumbani bila mshahara mpaka wageni warudi. Na wageni wenyewe ndo hawakurudi. Tukabaki na sabuni nnayouza mie, na nani anunua sabuni ya maji wakati hana unga.

Mwezi wa Mei nikaanza kuona mambo. Mwalimu wa hesabu alikuwa akiacha maswali kwenye duka la fotokopi karibu na shule kila Jumatatu, mzazi waenda wachukua walipa. Mie nimefika na shilingi zangu nimezifunga kwenye leso, mwenye duka akanambia yako imeshalipwa. Wiki ya pili hivohivo. Wiki ya tatu bahasha ya mwanangu iko ndani ya mfuko, na mfukoni mna unga, mchele, mafuta ya kupikia, hakuna jina hakuna chochote. Mpaka leo simjui.

Halafu darasa la nane likarudi tarehe 12 Oktoba, kijana karefuka hata suruali yapita juu ya fundo la mguu. Mwalimu wa darasa akamwita peke yake akampa suruali mbili, akamwambia "hizi zilibaki za mwaka jana." Jioni nimezikunjua bado zina mikunjo ya dukani. Nililia jamani.

Sasa kwenye grupu ya wazazi wanataka sherehe ya shukrani, tenti, spika, mpiga picha, na familia zilizosaidiwa ziinuke waonekane. Mie nataka kushukuru wallahi, lakini mwanangu ana miaka 14 na hakuna mwenzake anayejua. Nikikataa ntaonekana sina shukrani? Na huyo aliyetoa kwa siri ntamfikishia vipi asante yangu?

BinKibokoni
Waleikum salaam dadangu. Mie nakuelewa sana maana sisi wa Mji wa Kale tulifungiwa mwezi mzima, kuanzia mwanzo wa Mei mpaka Juni hakuna kuingia hakuna kutoka, Ramadhani imetukuta ndani na Idi tumeila ndani. Mwalimu wa binti yangu akaaye Kisauni alikuwa aja mpaka kwenye kizuizi na karatasi za darasa zima, ampa askari wa zamu, sisi upande huu kijana mmoja azipokea azungusha nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyemtuma. Kuna redio, kuna masomo ya kwenye TV, lakini nyumba isiyokuwa na TV je? Mwalimu alikuwa azijua hizo nyumba moja moja.

Aliyekupa kwa siri kachagua siri mwenyewe. Muombee dua, yamfikia. Sherehe waambie wasiinue mtu, ni haki yako kusema.

mwalimu_wa_bodi
Mimi ni mwalimu wa BOM, yaani wa kuajiriwa na bodi ya shule, hapa kisiwani, naomba niseme upande wetu kwa sababu wengi hawaujui. Wenzetu wa TSC, walioajiriwa na tume ya serikali ya walimu, mshahara wao uliendelea, sisi wetu ni hela ya wazazi, shule ikifungwa mzazi halipi na mwalimu hali. Wale wenzangu wa TSC walichanga kila mwisho wa mwezi wakatutumia kwa M-Pesa, wa kwanza kutuma alikuwa mwalimu mmoja mwenye watoto wanne, sitamsahau maishani. Haikutosha kodi lakini ilitosha chakula. Nikaanza kukaanga viazi karai Majengo, jioni haraka haraka kabla ya kafyu ya saa moja. Kuna mama wa mwanafunzi wangu alikuwa anakuja karibu kila siku ananunua vilivyobaki vyote, ananiambia mwalimu leo nina wageni. Wageni gani na kafyu?? Alikuwa anajua kabisa na mimi nilikuwa najua, nikamfungia viazi nikamwambia wasalimie.

Mamangu, ukiniuliza mwalimu anataka nini, sio tenti. Mtoto aje aniambie nimefika sekondari fulani, au aniandikie barua kwa mkono wake. Nina barua moja ya 2016 bado ninayo.

Ngambo_Likoni
Mimi naona tofauti kidogo na msinikasirikie. Nilisaidiwa na sina aibu, kila mtu alifunga mkanda mwaka ule. Oktoba watoto walipoanza kurudi wetu wa Likoni walikuwa wanavuka na feri, ile daraja ya Liwatoni ya kuvuka kwa miguu ilikuwa haijafunguliwa, foleni ndefu na nauli ya matatu ukishavuka imepanda kwa vile gari zinabeba watu nusu. Baba mmoja wa tuktuk ana mtoto darasa moja na wetu, alikuwa anawangoja watano upande wa kisiwani kila asubuhi anawapeleka hadi getini, mpaka Krismasi, hakuchukua hata shilingi na petroli anaweka mwenyewe. Yule mimi nataka asimame watu wote wamuone na wanawe wamuone. Tukinyamaza kabisa wema huo nani ataujua? Ila kuinua waliopewa, hapo naungana nawe dada, hiyo hapana.

Swafiya_wa_Makupa
Pelekeni mahamri na mbaazi ofisini asubuhi moja. Na tafadhali msimsahau bawabu wa shule, maji yalipokatika mtaani kwetu yeye ndo alikuwa atufungulia geti tuteke kisimani, madumu yamepangwa mpaka barabarani na hakugomba na mtu.

MamaWawili_Tudor
Shukran nyote, mwalimu ya kwako nimeisoma mara tatu. @Ngambo_Likoni sikukasirika, maneno yako nimeyapeleka kwenye grupu kama yalivyo, na wamekubali, atakayeitwa ni aliyetoa na awe ameridhia mwenyewe kwanza. Mahamri nakanda mie, Swafiya ukipenda njoo na mbaazi. Bawabu wa kwetu pia namuwekea yake.

Usiku nimekaa na kijana nikamuuliza yeye aonaje. Kumbe siku ileile alijua, zile suruali zilikuwa na karatasi ya bei, akaikunja akaificha kwenye mkebe wa geometri, imekaa humo mpaka mtihani ukaisha. Hakunambia asije akanihuzunisha. Barua ameanza kuiandika, mie hanipi niisome. Na suruali zote mbili ataka kumrudishia mwalimu ampe mtoto wa darasa la saba, amwambie zimebaki za mwaka jana.

Moja zipu imekufa. Fundi yuko Mwembe Tayari, naipeleka kesho.