Naomba ushauri: gemu ya kutuliza akili, na zawadi za kushona kwa mkono

Habari zenu wapendwa. Nina mambo mawili, naombeni mnisaidie.

La kwanza ni gemu. Nikitoka kazini kichwa kinakuwa kizito, nataka kitu cha nusu saa kabla ya kulala, kisicho na bunduki. Nimecheza Stardew Valley, ile ya kilimo iliyotoka 2016. Nzuri mno, ila saa yake inanipa presha: siku nzima inaisha kwa kama dakika 14, na ikifika saa nane usiku hujalala, mhusika wako anazimia. Unpacking ya 2021 ni ya kufungua maboksi na kupanga vitu tu. Mlioicheza, inatuliza kweli?

La pili ndilo liko moyoni zaidi. Familia ni kubwa na mfuko hauruhusu kununulia kila mtu zawadi, kwa hiyo nimeanza kushona vifuko vya miwani kwa mashati ya marehemu baba. Cha mama kimekamilika. Kifungo cha shati nimekiacha palepale, ndicho cha kufungia. Naamini atakitambua.

Shida ni kwamba kitambaa ni chepesi, kila nikikata kingo zinafumuka nyuzi, na mashine sina. Nikunje pindo mara mbili, au niweke kitambaa kizito kwa ndani?

Na kwa watoto wadogo, vipande vilivyobaki vinatosha wanasesere. Macho nidarizi kwa uzi? Vifungo naogopa wasije wakameza.