Mrejesho: Wageni wa likizo ya Juni, Dodoma

Wakubwa shikamooni. Nilipouliza namna ya kuwakaribisha mama mkwe na wapwa zangu kutoka Dar es Salaam wakati wa likizo ya Juni, mlinishauri niwapeleke Kolo mwishoni mwa wiki, na jioni tusome riwaya kwa zamu. Yote mawili yamefanyika.

Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, ndiko iliko michoro ya miambani iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tulipitia kwanza ofisini kijijini kumchukua mwongozaji, kisha tukapanda mlima taratibu kwa ajili ya mama. Chini ya mwamba, wapwa zangu, ambao njiani walikuwa wakilalamikia intaneti, walinyamaza mbele ya watu wembamba wenye vichwa vikubwa waliochorwa kwa rangi nyekundu, huku mwongozaji akieleza kwamba wenyeji bado hufanya matambiko hapo.

Kuhusu riwaya, sikutarajia makubwa. Baridi ya Dodoma, ambayo wageni wa pwani huidharau mpaka jua lizame, ilitukusanya sebuleni kila baada ya ugali na mlenda, na mama mkwe ndiye aliyegeuka msomaji hodari, akibadilisha sauti kwa kila mhusika na kukataa katakata kurukishwa kurasa.

Atakayekwenda Kolo avae viatu vya kufunga, kwani njia ya kupandia ina mawe yanayoteleza, na abebe maji yake.