Barua zaingia, hazitoki: Outlook imenikwamia, nisaidieni

KaraniWaMbaraki
Salaam aleikum wenzangu. Mimi ni karani kwenye ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Mbaraki, watu watatu na kompyuta mbili. Ijumaa tulihamia intaneti mpya ya faiba. Tangu Jumamosi asubuhi barua pepe zaingia kama kawaida, lakini kutuma hakuna. Nabonyeza, yaenda Outbox, kasha la zinazongoja kutoka, yalala pale. Baada ya muda naletewa kosa namba 0x800CCC0E. Mteja wa Kampala angoja hati za mzigo wake, na kontena likimaliza siku za bure bandarini gharama zinaanza kuhesabiwa. Bosi anitazama kama mimi ndiye niliyekata waya.

Anwani zetu ni za jina la kampuni yetu, si Gmail. Programu ya barua ni Outlook 2016. Kuna na hili, pengine halihusiani: bosi adai simu yake haioni barua za zamani, zaishia wiki mbili nyuma.

Nimezima ruta nikawasha. Nimezima kompyuta nikawasha. Bismillahi nimesoma.

JamaaWaBondeni
Piga Windows upya tu, upumzike.

FundiMakupa
Usipige kitu upya! Kama zaingia, programu ni nzima na paswadi ni sawa. Kupokea na kutuma ni njia mbili, kila moja ina seva yake (kompyuta ya kuhudumia barua) na poti yake (mlango wenye namba), ndiyo maana moja yaweza kufa na mwenzake akaendelea kuishi. Fungua mipangilio ya akaunti uniandikie: seva ya kutuma iko poti gani, na usimbaji gani, yaani kufunga ujumbe usisomwe njiani? Nina dhana yangu lakini sitaki kukutia maneno mdomoni.

KaraniWaMbaraki
Kutuma ni poti 25, usimbaji hakuna. Kupokea ni njia ya POP3, poti 995.

FundiMakupa
Nilijua. Poti 25 ni ya seva kuzungumza na seva wenzake. Kampuni nyingi za intaneti huifunga kwa wateja wa kawaida, maana kompyuta iliyoingiwa na virusi huitumia kumwaga barua taka usiku kucha na mwenyewe amelala. Inaelekea kule mlikotoka walikuwa wameiacha wazi. Watu kama wewe mliwekewa poti 587 tangu 1998.

Kabla hujabadilisha, hakikisha. Fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, andika Test-NetConnection, jina la seva yenu ya kutuma, kisha -Port 25. Rudia kwa 587. Ikija False (imefungwa) kwa ya kwanza na True (iko wazi) kwa ya pili, mchawi tumempata. Weka 587, na utie alama pale panaposema seva ya kutuma yahitaji uthibitisho. Ukisahau hiyo alama, seva yaweza kukurudishia 550, kosa la kukataa barua, ukadhani nimekudanganya.

KaraniWaMbaraki
Wallahi ni False na True vilevile ulivyosema. Nimeweka 587, alama nimetia, usimbaji nimechagua SSL. Sasa yaniambia seva haikubali aina ya usimbaji niliyochagua.

BintiKizingo
Kaka, 587 na SSL hazikai nyumba moja. Kwenye 587 mwasalimiana kwanza mlango ukiwa wazi, ndipo mwafunga mkaongea siri: hiyo ndiyo STARTTLS. Kwenye 465 mlango umefungwa tangu hodi, na hapo ndipo SSL/TLS ilipo kwao. Chagua STARTTLS ubaki na 587.

KaraniWaMbaraki
Jaribio la mipangilio limeleta alama mbili za kijani! Nimejaribu kwa bosi, imefika. Lakini ile ya Kampala bado imeganda Outbox. Hati nimeskani, faili ni MB 22, na waliotuuzia huduma walituambia mwisho ni 25. Si yatosha?

MzeeWaKuze
Haitoshi, mwanangu. Kiambatisho hakisafiri kama kilivyo, hugeuzwa herufi kwanza, na kila baiti tatu huwa nne. Hiyo 22 yako njiani ni 29 na ushei. Na hati ya maandishi yataka rangi ya nini? Makarani wa siku hizi mwaskani karatasi ya forodha kama picha ya arusi. Skani nyeusi na nyeupe, nukta 200 kwa inchi, utaona inavyokonda. Iliyoganda ukitaka kuifuta, bonyeza kwanza Work Offline, iache kuongea na seva, la sivyo Outlook itaing'ang'ania ikisema yaituma.

BintiKizingo
La bosi lahusiana sana. POP3 huzishusha barua kwenye kompyuta yako, na Outlook kwa kawaida huacha nakala kwenye seva siku 14 kisha huzifuta. Simu yasoma seva, kwa hivyo wiki mbili zake ni zizo hizo. Dawa ni IMAP, njia inayoziacha barua kwenye seva, poti 993, lakini akaunti ya POP haigeuki kuwa IMAP. Utaongeza mpya kando. Tafadhali, kaka, kabla hujagusa chochote nakili ile faili ya PST, ghala la barua za Outlook, kwenye diski ya nje. Barua za zamani ziko humo peke yake. Kompyuta hiyo ikifa leo, zimekwenda nayo.

JamaaWaBondeni
Kwa hivyo Windows hapigi?

FundiMakupa
Hapigi.

KaraniWaMbaraki
Imetoka saa kumi jioni, MB 3 tu. Mzee, shikamoo na ahsante. Mteja amejibu hati amepata, ila auliza mbona amepokea mara tano ujumbe wa "hati zinakuja sasa hivi". Kumbe kila nilipohangaika tangu Jumamosi niliuandika upya, na zote zilikuwa zimejipanga Outbox zikingoja njia.

Dada, ile PST ni GB 11 na flashi yangu ni ya 8. Diski naitafuta kesho asubuhi. Hadi hapo bosi nimemwambia asiguse hii kompyuta.