Mjadala: Nairobi igandishe damu ya akiba, au itafute wachangiaji kwanza?

Mwanzilishi wa mada: Shule zikifungwa, damu huadimika. Wachangiaji wetu wengi ni wanafunzi, nao wakienda likizo ndipo barabara zinapojaa ajali. Seli nyekundu zikiwekwa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 6 hudumu siku 35 au 42, kulingana na dawa iliyomo kwenye mfuko. Zikichanganywa na glisaroli, kimiminika kizito kinachozilinda na barafu, na kugandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, Marekani huruhusu zikae miaka 10. Bomu lilipolipuka katikati ya jiji Agosti 1998, watu walipiga foleni kuchangia. Shambulio la Westgate 2013, foleni tena. Ukarimu wa siku kama zile unapita kiasi kwa wiki moja, kisha tunarudi kuombaomba kwenye WhatsApp. Nasema jiji linunue mitambo ya kugandisha. Tetea au pinga.

Wa Maabara: Napinga, na hii ndiyo kazi yangu. Watu wanadhani damu inatiwa kwenye friza na kutolewa kama nyama. Maji yakiganda, chumvi iliyobaki hukolea, seli hukauka na kuharibika. Yakigandia ndani, barafu huzipasua. Glisaroli huingia ndani ya seli na kuzuia hayo. Mwanasayansi Audrey Smith alilionyesha Uingereza mwaka 1950, kwa hiyo si uchawi mpya. Shida ni kuitoa. Seli zenye glisaroli zikiingia mwilini hivyo hivyo huvuta maji, huvimba, hupasuka. Lazima zioshwe kwa maji ya chumvi, ukianza na makali na kuyapunguza hatua kwa hatua, painti moja moja, na nyingine zinapotea njiani. Ukishaosha kwa mtambo wa wazi, ambao vijidudu vinaweza kuingia, una saa 24 tu za kuitumia. Kwa mtambo uliofungwa, siku 14. Mama anayevuja damu saa nane usiku baada ya kujifungua hangoji hayo yote.

Halafu akiba itatoka wapi? Kipimo kinachotajwa sana ni painti moja kwa kila watu 100 kwa mwaka. Sensa ya 2019 ilituhesabu milioni 47.6, yaani tunahitaji karibu painti 476,000. Hatufiki. Huwezi kuweka akiba ya chakula kisichotosha hata cha leo.

Jirani wa Umoja: Na stima ikipotea?

Mwanzilishi wa mada: Jenereta zipo. Chanjo ya Pfizer ilipokuja 2021 ilitaka baridi ya karibu hiyo hiyo, na friza zikapatikana.

Wa Maabara: Friza ni ununuzi wa mara moja. Mifuko na mirija ya kuoshea hutupwa kila painti. Wafadhili hupenda kuzindua mashine, sijaona aliyekata utepe wa mirija.

Mama Selimundu: Daktari, kwa heshima, unahesabu wengi na kuwasahau wachache. Mwanangu ana selimundu, na huongezewa damu mara kwa mara. Mtoto kama huyo mwili wake huanza kutengeneza kingamwili dhidi ya damu za watu, na kila mara kumpatia inayomfaa huwa kazi ngumu zaidi. Kuna watu wenye asili ya Afrika wasio na antijeni U, moja ya alama zinazokaa juu ya seli nyekundu. Kuna kundi la Bombay, ambao hata O hawawezi kupewa, na familia zenye asili ya Bara Hindi ni nyingi jijini. Siombi mifuko elfu. Naomba friza moja ya damu adimu, ambayo hata wenye damu hiyo wangeweza kujiwekea yao wakiwa wazima. Hawa hawavuji saa nane usiku. Upasuaji wao hupangwa, muda wa kuosha upo.

Wa Maabara: Mama, hapo sikupingi sana. Lakini kabla ya friza kuna vipimo. Wachangiaji wengi tunawapima makundi ya kawaida, ABO na Rhesus, basi. Asiyepimwa antijeni nyingine hatujui kama ni adimu. Friza hiyo utaijaza na nani?

Mama Selimundu: Basi anzeni kupima. Wanaokuja kuchangia kila muhula wako mbele yenu na mkono wameshanyoosha. Hilo nalo linangoja mfadhili?