Kwa nini tamthilia za Uingereza hukatika hadithi ikiwa bado mbichi?

Swali, kutoka kwa Dada wa Katuba (Lubumbashi)

Ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo, ninawasalimu. Hapa Lubumbashi wengi wetu tunatazama tamthilia zilizopakiwa kwenye flashi na mafundi wenye kompyuta, kwa hiyo hadithi inapoisha vibaya, wa kwanza kulaumiwa ni fundi. Juzi nilimaliza Utopia, tamthilia ya Channel 4 inayowahusu watu wa kawaida waliopata mswada wa kitabu cha katuni, wakaanza kuwindwa na kundi la siri kwa ajili ya mswada huo. Niliifuata yote, sehemu 12, mpaka ile ya mwisho ambamo Wilson Wilson, kijana tuliyemhurumia tangu alipotobolewa jicho, anageuka na kushika uongozi upande wa maadui. Baada ya hapo yakaanza kupita majina ya waigizaji, basi. Nilirudi kwa fundi nikamwambia kwamba amenipa kitu nusu, naye akaniapia kuwa hakuna sehemu iliyobaki popote duniani.

Je, anasema kweli? Na kama ni kweli, kwa nini Waingereza wanafanya hivyo, ilhali tamthilia za Kihindi tunazozifuata hapa huendelea hata pale ambapo sisi wenyewe tungependa zikome?

Jibu, kutoka kwa Mwalimu wa Kamalondo

Dada, fundi wako hana kosa. Utopia ilirushwa mwaka 2013 na 2014, misimu miwili tu, na mwezi Oktoba 2014 Channel 4 ikatangaza kwamba hakutakuwa na msimu wa tatu. Watazamaji wa msimu wa pili walikuwa wamepungua. Mwaka 2020 Amazon ilileta toleo la Kimarekani lililoandikwa na Gillian Flynn, nalo likafutwa mwaka huohuo baada ya msimu mmoja, kwa hiyo usimsumbue fundi akutafutie mwisho huko pia.

Ili kuelewa sababu, inafaa kuangalia jinsi kazi hizi zinavyoagizwa. Tamthilia ya Kihindi ya kila siku huwa na kundi la waandishi wanaopokezana, na maadamu watu wanatazama, hadithi hunyooshwa. Nchini Uingereza, kwa kawaida kituo huagiza msimu mmoja mmoja, mara nyingi wa sehemu 6 au 8, na sehemu hizo huandikwa na mtu mmoja au na watu wachache sana. Utopia, kwa mfano, ilikuwa kazi ya Dennis Kelly. Mwandishi anapofika sehemu ya mwisho ya msimu, bado hajui kama ataitwa tena. Akifunga kila jambo, kituo kinaweza kuona hakuna haja ya kuendelea. Akiacha mlango wazi, huenda mlango huo ukabaki wazi milele. Wengi huchagua kuuacha wazi, na hapo ndipo sisi watazamaji tunapoumia.

Mfano unaoniuma zaidi kuliko huo wa Utopia ni The Hour, ya BBC Two, iliyoandikwa na Abi Morgan. Ni hadithi ya waandishi wa habari wa televisheni mjini London, na msimu wake wa kwanza, wa mwaka 2011, unatokea mwaka 1956 wakati wa mgogoro wa Mfereji wa Suez, serikali ikitaka habari zinyamazishwe. Sisi tuliokua tukisikiliza taarifa ya habari huku tukijiuliza ni nini kimeachwa nje, tunaielewa bila kufafanuliwa. Mwishoni mwa msimu wa pili, mwaka 2012, mwanahabari Freddie Lyon anapigwa vibaya na watu wa mwenye klabu moja ya usiku aliyekuwa akimchunguza, kisha anatupwa kwenye majani nje ya studio, uso umevimba, damu imemjaa, akijaribu kutamka jina la utani alilompa mwanamke anayempenda. Hatuambiwi kama alipona. Februari 2013 BBC ikaifuta. Miezi michache baadaye, mwezi Septemba, Abi Morgan alipewa tuzo ya Emmy kule Marekani kwa uandishi wa kazi hiyohiyo. Tuzo haikubadilisha uamuzi.

Kuhusu fedha, BBC huendeshwa hasa kwa ada ya leseni inayolipwa kila mwaka na kaya zinazotazama televisheni, na Channel 4 ni mali ya umma lakini hujitegemea kwa matangazo. Mtu angedhani kwamba BBC, kwa kuwa haitegemei matangazo, haitajali hesabu ya watazamaji. Kumbe inajali sana, kwa sababu inapaswa kuwaridhisha wanaolipa ada hiyo, na tamthilia ya zama za kale yenye mavazi na magari ya wakati huo ni ghali.

Jibu, kutoka kwa Mzee wa Filamu (Bukavu)

Ninamheshimu Mwalimu, lakini asituaminishe kwamba kila mwisho wa ghafla umetokana na mkasi wa wakubwa. Kuna mwisho uliotungwa makusudi uwe wa ghafla, na kwa maoni yangu ndio bora kuliko yote.

Chukueni Blake's 7, tamthilia ya BBC ya waasi wanaopambana na utawala wa kidhalimu angani. Ilianza mwaka 1978. Msimu wa tatu ulipokuwa unaisha, waigizaji walidhani kazi imekwisha, mpaka mtangazaji aliposema hewani kwamba itarudi. Gareth Thomas, aliyeigiza Blake mwenyewe, alikuwa amejiondoa baada ya msimu wa pili, na alikubali kurudi katika sehemu ya mwisho kwa sharti kwamba mhusika wake afe kabisa, asije akafufuliwa. Sehemu hiyo ilirushwa tarehe 21 Desemba 1981, siku nne kabla ya Noeli. Avon, mmoja wa waasi wenzake, anampiga risasi Blake akidhani amewasaliti; askari wanaingia; wenzake wanaanguka mmoja baada ya mwingine; Avon anabaki amesimama juu ya mwili wa Blake, amezungukwa, anainua bunduki, anatabasamu. Skrini inakuwa nyeusi na milio ya risasi inasikika. Watu walinung'unika kwa miaka mingi, lakini niambieni ni mwisho gani mwingine ungewafaa waasi wale bila kuwadanganya watazamaji.

Tena wako walioacha kwa hiari yao. Fawlty Towers ya John Cleese na Connie Booth ina sehemu 12 tu, 6 za mwaka 1975 na 6 za mwaka 1979. Hakuna aliyewafukuza, walitosheka. Sisi tumezoea kudhani kwamba kitu kinachopendwa lazima kiendelee.

Jibu, kutoka kwa Kijana wa Himbi (Goma)

Wazee wangu, niongeze sababu moja ambayo hamkuitaja: kampuni yenyewe kupoteza kibali cha kurusha matangazo. Tamthilia ya Sapphire & Steel ilitengenezwa na kampuni ya ATV kwa ajili ya mtandao wa televisheni wa ITV kuanzia mwaka 1979. Mwanzoni mwa mwaka 1982 nafasi ya ATV ilichukuliwa na kampuni ya Central, na hadithi ya mwisho ilirushwa mwezi Agosti mwaka huo. Wahusika wawili wakuu, walioigizwa na Joanna Lumley na David McCallum, wanabaki wamefungiwa ndani ya mgahawa ambao nje ya dirisha lake kuna nyota tu. Hawakurudi tena kwenye televisheni.

Dada wa Katuba

Asanteni sana, na fundi nimekwisha kumwomba radhi. Sasa amenipa Ripper Street, ile ya polisi wa Whitechapel, mtaa wa London. Nimeambiwa kwamba nayo ilifutwa. Je, niianze, au niiache kabla sijaumia tena?

Mwalimu wa Kamalondo

Ianze bila hofu, dada. Ni kweli BBC iliifuta Desemba 2013, msimu wa pili ukiwa bado unarushwa, kwa sababu ya upungufu wa watazamaji, lakini mwaka 2014 Amazon iliingiza fedha zake na ikaendelea mpaka msimu wa tano, ambao unafunga hadithi ya mhusika mkuu, Inspekta Reid, ipasavyo. Hakikisha tu kwamba kwenye flashi kuna misimu yote mitano, kwa maana wengine wamepakia miwili ya mwanzo wakidhani imeishia hapo. Kuanzia msimu wa tatu, mwambie fundi akutafutie toleo la Amazon, kwa kuwa BBC ilipunguza baadhi ya matukio ilipoirusha.